WAZAZI WANAOUNGANA JUU YA WATOTO WANAOSHINDWA MASOMO



Kila mwaka, siku ya kutangaza matokeo, tunaona jambo moja. Kuko wazazi wanaokuja na nguo za siku ya Mungu, wanakaa mbele. Na kuko wengine ambao hawafike hata. Si kwamba hawapendi mutoto wao. Wanajua tu ya kama jina lake litaitwa mwisho, na watu watageuza kichwa kutafuta ni mutoto wa nani. Muzazi mwenye mutoto anayeduble mara ya tatu anabaki peke yake katika haya. Anafikiri mambo hii ilimupata yeye tu.

Niruhusuni nianze na nyumba yetu. Mudogo wangu aliduble mwaka wa pili wa primeri mara tatu. Sokoni alikuwa anarudisha chenji kwa wateja wa mama mbio kunipita mimi mukubwa wake, na nyimbo za kanisa alijua zote kwa kichwa. Lakini diktee, zero. Kunakili kwa tablo, zero. Mwalimu alisema iko na kichwa nguvu, akamupiga. Baba alisema ni uvivu, akamupiga tena. Shangazi alisema ni jirani fulani ndiye aliyemufunga. Alikuwa na miaka 11 wakati muganga wa macho alipita kwenye kanisa yetu, akamupima, akatuambia: huyu mutoto hajaona tablo hata siku moja. Angalieni vizuri namna ilivyokuwa. Mutoto anayeduble anakuwa murefu kuliko wengine. Murefu anawekwa nyuma kusudi asifunike wadogo. Basi kila mara aliyoduble, alisogezwa mbali zaidi na kitu ambacho hakuwa anaona!

Hapo kuna watu watano ao sita waliomupenda, na hakuna hata mumoja aliyejua mahali pa kuuliza. Ni juu ya hii nilitafuta kujua namna wazazi wa inchi zingine walivyofanya.

Kwanza tutenganishe mambo, kwa sababu tunapenda kutia watoto wote katika gunia moja na kuandika juu yake "mujinga". Kuko mutoto asiyeona mbali. Kuko asiyesikia vizuri, kwa sababu sikio lilitoa usaha miaka mingi bila kutunzwa, ao kwa sababu alipona ugonjwa wa ubongo, lakini masikio hayakupona. Huyu anajibu pembeni ya ulizo, na kalasi nzima inacheka. Kuko mutoto mwenye akili kweli kukua polepole, anayehitaji kufundishwa kwa namna nyingine na kwa muda murefu. Kuko mutoto asiye na ugonjwa wowote: alisema Kiswahili ao luga ya kijiji mpaka jana, na leo anafundishwa hesabu kwa Kifaransa. Huyo wa mwisho wako wengi, tunajua sisi wote.

Tena kuko mutoto ambaye anaona, anasikia, ana akili, lakini maandiko yanamupiga chenga. Jambo hili lina jina, disleksia. Katika mwaka wa 1896 daktari mumoja Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari ya kijana wa miaka 14, jina lake Percy. Kijana huyu alikuwa na akili, alijua michezo, hesabu haikumusumbua, lakini kusoma hakuweza. Hata jina lake mwenyewe aliandika Precy. Mwalimu wake alisema kama masomo yangekuwa ya kusema kwa kinywa tu, Percy angekuwa wa kwanza shuleni. Ninyi mulio katika seksioni ya pedagojia mukienda staji mutakutana na Percy, hata kama huko anaitwa jina lingine.

Sasa wazazi. Katika Uingereza sheria ya masomo ya 1944 iliruhusu wakubwa kusema juu ya mutoto fulani ya kama hawezi kupokea mafundisho ya shule. Wakiisha kuandika vile, mulango unafungwa, muzazi anarudi na mutoto wake nyumbani. Katika mwaka wa 1946 mama mumoja, Judy Fryd, aliyekuwa na binti wa namna hiyo, aliandika barua kwa gazeti la wamama akiita wazazi wenzake. Barua za majibu zilikuja nyingi sana. Ndipo chama kikazaliwa, na leo kinaitwa Mencap. Lakini angalieni miaka: sheria ya kuingiza watoto hao wote katika masomo ilipitishwa katika 1970, ikaanza kazi katika 1971. Toka barua ya kwanza ni miaka 25. Mutoto wa yule mama alikuwa amekwisha kukomaa. Alipigania watoto wa wengine.

Katika Marekani ilikuwa hivyo hivyo, lakini wao walipita kwa hakimu. Wazazi wa jimbo la Pennsylvania walikuwa na chama tangu 1949. Sheria ya jimbo lao iliruhusu shule kukataa mutoto ambaye akili yake haijafikia ya mutoto wa miaka mitano. Katika 1971 chama kilishitaki jimbo lenyewe. Halikupigana sana: walileta wenye elimu kushuhudia ya kama hata mutoto mwenye akili zaifu sana anaweza kujifunza kitu, na jimbo likakubali kufundisha wote bila malipo, toka miaka 6 mpaka 21. Wazazi wa muji wa Washington walishitaki vilevile, na hukumu ilitoka mwaka uliofuata, 1972. Wakubwa wa muji walijibu: feza haitoshi. Hakimu akasema, kama feza haitoshi, basi ukosefu ugawanywe kwa wote. Haiwezekani watoto wenye kilema peke yao waubebe. Mimi jibu hili ninalipenda kuliko mengine yote ya habari hii, na nafikiri lingefaa kusomwa katika mikutano fulani ya feza hapa kwetu.

Kisha, mwezi wa 11 wa 1975, Rais Ford alitia sahihi sheria ya inchi nzima. Bunge lao lilikuwa limehesabu watoto wenye kilema zaidi ya milioni 8, na katika hao milioni moja walikuwa inje ya masomo kabisa. Sheria ile iliagiza kila mutoto wa namna hiyo aandikiwe mupango wake mwenyewe: anajua nini sasa, afike wapi mwaka huu, nani atamusaidia. Na muzazi anakaa kwenye meza wakati mupango unaandikwa. Haitwi tu kisha, kuja kusikia habari mbaya.

Watoto sawa Percy nao walipata chama chao. Katika mwezi wa 4 wa 1963 wazazi walikutana Chicago. Kila kundi lilikuwa linaita ugonjwa wa watoto wake jina tofauti, na hawakusikilizana. Mufundishaji Samuel Kirk akawapa jina moja la kusema tu ya kama mutoto ana shida katika kujifunza. Wakalichukua, wakafanya chama. Unaweza kucheka, kukusanyika juu ya jina! Lakini tangu siku ile muzazi aliweza kusema jina lingine mahali pa "mujinga" na "muvivu".

Je, kwetu? Tusiseme hakuna kitu. Andrew Foster, Mumarekani mweusi, alikufa masikio akiwa na miaka 11 kwa ugonjwa wa ubongo, akawa mumisionari, akaanza masomo ya viziwi Ghana katika 1957 na kisha katika inchi nyingi za Afrika, na ya kwetu ndani, mpaka alipokufa kwa ajali ya ndege Rwanda katika 1987. Bukavu kuna Heri Kwetu kwa watoto wenye kilema. Tena sheria tunazo. Katiba ya 2006 inasema masomo ya primeri ni ya lazima na bila malipo katika shule za serikali, na malipo yalianza kuondolewa kweli katika mwezi wa 9 wa 2019. Inchi yetu iliingia katika mapatano ya dunia juu ya haki za watu wenye kilema katika 2015, na katika 2022 ikapata sheria yake yenyewe. Lakini kila mutu aliyeingia kalasi ya primeri baada ya 2019 anajua: watoto walijaa mpaka chini ya tablo. Mwalimu wa watoto wengi vile atamwandikia nani mupango? Hapa ndipo wazazi wanahitajika, na si juu ya kuleta feza.

Komite ya wazazi iko karibu katika kila shule. Lakini tuseme kweli: mara nyingi inaitwa wakati wa kusema minervali, ao paa likianguka. Kundi ninalolisema ni dogo zaidi. Wazazi sita ao nane wenye watoto wanaoshindwa, wanakutana mara moja kwa mwezi, tuseme kisha ibada. Mara ya kwanza hakuna kazi nyingine ila kila mumoja kueleza mutoto wake, na wengine kusikiliza bila kutoa hukumu. Mtaona ni vigumu, hasa kwa wababa. Wanafunzi wa Yesu wenyewe, walipoona kipofu, neno la kwanza lilikuwa kuuliza nani alitenda zambi, yeye ao wazazi wake. Yesu alijibu: si yeye, si wazazi. Kundi lianzie pale.

Kisha kazi inaanza. Kupima macho si lazima kungojea daktari: herufi kubwa kwenye karatasi, hatua zilezile kwa wote, jicho moja limefunikwa, na tunaona nani anasoma na nani anabahatisha. Masikio: simama nyuma ya mutoto, sema polepole majina matatu, ayarudie. Hiyo haionyeshi ugonjwa gani, inaonyesha tu nani apelekwe hospitali kwanza. Na wazazi wakienda kwa direkta, waende wawili ao watatu. Muzazi mumoja anaonekana kama mulalamishi. Watatu wanapewa viti. Waombe kitu kimoja chenye kuwezekana: mutoto akae mbele, aulizwe kwa kinywa wakati wa hesabu, asipigwe juu ya diktee. Wasiende kumushitaki mwalimu. Yeye naye hakufundishwa mambo haya, na mushahara wake munaujua.

Wamoja wataniuliza kama mutoto mwenye kilema aende shule ya peke yake ao akae na wengine. Kiziwi kabisa anahitaji mwalimu anayejua luga ya alama, na pahali pa kumupata ni pachache. Lakini asiyeona mbali, asiyesikia sikio moja, disleksia, hawa wakae katika kalasi zetu. Mudogo wangu alipata miwani, akawekwa kwenye banki ya pili. Kusoma alijua katika miezi minne. Ile miaka mitatu hakuna aliyemurudishia.

Ninyi wa mwaka wa sita mutakaoenda staji mwezi ujao: siku ya kwanza, mbele ya kufundisha neno lolote, badilisheni banki. Warefu wajaribu mbele kwa juma moja, pembeni kusudi wasifunike wengine, na muandike katika kaye nani amebadilika.