Vinasaba vya bakteria vyafichua chanzo cha maradhi ya watoto wachanga

Ukivuka milima inayoitenga pwani ya Muscat na wilaya ya Al Amerat, utakuta maduka ya vyakula yenye rafu nzima za maziwa ya kopo ya watoto wachanga. Wanunuzi wanazungumza Kiarabu, Kihindi na, mara nyingi, Kiswahili cha Unguja. Kopo wanalolichukua limetoka mbali, na mama hana njia ya kujua yaliyotokea katika kiwanda kilichoko Ulaya au Marekani.

Kinyume na wengi wanavyodhani, mpenzi msikilizaji, maziwa ya unga hayawi safi kabisa bila kimelea hata kimoja. Bakteria wawili ndio wanaotiliwa shaka zaidi: salmonela, na mwingine aitwaye Cronobacter sakazakii. Huyu wa pili husababisha maradhi kwa nadra, lakini akimpata mtoto wa chini ya miezi miwili, au aliyezaliwa kabla ya wakati, anaweza kumletea homa ya uti wa mgongo na kumuua. Wote wawili hustahimili ukavu, wakakaa ndani ya unga kwa muda mrefu wakingoja maji.

Zamani maabara iliweza kutaja jina la bakteria na aina yake tu. Hayo hayakutosha, kwani aina moja huweza kuonekana katika nchi nyingi kwa wakati mmoja. Leo wataalamu husoma vinasaba vyote vya kimelea, yaani herufi zipatazo milioni nne hadi tano, moja baada ya nyingine. Bakteria anapojigawa hunakili herufi hizo, na mara chache hukosea. Basi wakikutwa bakteria wawili, mmoja katika damu ya mtoto na mwingine katika kopo, wakitofautiana kwa herufi chache tu, hao ni ndugu wa karibu. Wakitofautiana kwa mamia, undugu wao ni wa mbali.

Kisa cha Craon, magharibi mwa Ufaransa, kinaonyesha nguvu ya kazi hiyo. Mwezi Desemba 2017 watoto wachanga zaidi ya 30 nchini humo waligunduliwa kuwa na salmonela ya aina ya Agona, na maziwa ya kiwanda cha kampuni ya Lactalis yakarudishwa kutoka nchi 83. Taasisi ya Pasteur mjini Paris ilipolinganisha vinasaba, iligundua kwamba kimelea hicho ni kile kile kilichowaugua watoto 141 mwaka 2005, wakati kiwanda hicho hicho kilipokuwa chini ya wamiliki wengine. Isitoshe, wagonjwa wengine wachache wa miaka ya katikati, ambao kila mmoja alionekana kuwa peke yake, nao walikuwa wa ukoo huo. Kwa muda wa miaka 12 bakteria walikuwa wamejificha katika jengo moja. Bila ya vinasaba, ni vigumu kuona nani angeliunganisha mambo hayo.

Afrika nayo ina mfano wake, tena mzito zaidi. Afrika Kusini ilisajili wagonjwa 1,060 wa listeria kati ya mwaka 2017 na 2018, na zaidi ya 200 walifariki dunia. Wagonjwa wanne katika kila kumi walikuwa watoto wachanga, wengi wao wakiambukizwa wangali tumboni. Ugonjwa huo huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kujitokeza. Ni mama gani atakayekumbuka alichokila mwezi uliopita? Vinasaba vilionyesha kwamba zaidi ya asilimia 90 ya sampuli zilikuwa za ukoo mmoja, na tarehe 4 Machi 2018 serikali ikatangaza chanzo: soseji nene iitwayo polony, kutoka kiwanda cha mjini Polokwane.

Hata hivyo njia hii si ramli. Mwaka 2022 kampuni ya Abbott ya Marekani ilirudisha maziwa yake baada ya watoto wanne kuugua na wawili kufariki. Cronobacter alipatikana ndani ya kiwanda cha Sturgis, katika jimbo la Michigan, lakini sampuli za wagonjwa zilizoweza kusomwa zilikuwa mbili tu, na hazikufanana na za kiwandani. Hilo halikukitakasa kiwanda, wala halikukitia hatiani. Sampuli isiyohifadhiwa hospitalini haiwezi kusomwa baadaye, na hapo ndipo nchi nyingi zetu zinapokwama.

Nyumbani, kinga ni maji ya moto. Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishauri mwaka 2007 kwamba unga ukorogwe kwa maji yasiyopungua nyuzi joto 70, yaani yaliyochemka na kuachwa kwa muda usiozidi nusu saa, kisha chupa ipozwe upesi kabla ya kumpa mtoto. Maji yaliyolala katika chupa ya chai tangu alfajiri hayafai. Na maziwa yaliyobaki yamwagwe baada ya saa mbili, hususan katika joto la Muscat.