Mashine ya Alama za Vidole Inapogoma: Yanayotokea Ndani ya Kompyuta

Mwananchi wa Kata ya Ibighi, wilayani Rungwe, anapofika kujiandikisha katika Daftari la Kudumu la Wapiga Kura, hukuta mezani kompyuta, kamera, kifaa cha kusoma alama za vidole na printa. Mfumo huo wa BVR ulitumika nchini katika uandikishaji wa mwaka 2015, zoezi likianzia Makambako, mkoani Njombe. Kifaa kimoja kisipoitika, foleni husimama, na waliosubiri huambiwa tu kwamba mashine inasumbua. Kauli hiyo huficha mambo mawili tofauti.

Huenda kifaa ni kizima, ila vidole vya mchuma chai au mkulima wa viazi vimechakaa kwa kazi na michirizi yake haionekani vyema. Huenda pia kifaa chenyewe hakijaanza kazi kabisa. Hapo hata vidole vikioshwa mara kumi, hakuna kitakachobadilika.

Kati ya kompyuta na kila kifaa huwapo programu iitwayo kiendeshi, ambayo mafundi huiita draiva. Kifaa kinapochomekwa, kiendeshi hukiuliza utambulisho wake, hukitengea nafasi katika kumbukumbu ya kompyuta, kisha hukipa maelekezo ya kuanza. Kebo iliyolegea, umeme pungufu au unyevu kwenye tundu la kuchomekea vyaweza kukatiza hatua yoyote kati ya hizo.

Kiendeshi kilichoandikwa vizuri hakisubiri jibu bila kikomo. Hujiwekea muda, hujaribu tena mara chache, kisha hutoa taarifa kwamba kimeshindwa. Kabla ya kuondoka hurudisha kila kilichochukua, kwa kuanza na kilichochukuliwa mwisho, ili kamera na printa ziendelee kufanya kazi. Hapo ndipo waandishi wengi wa programu hukosea, kwa kuwa njia ya kushindwa hujaribiwa mara chache kuliko njia ya kufaulu. Nafasi isiporudishwa, kuchomoa na kuchomeka upya huenda kusisaidie, na mwandikishaji hulazimika kuzima kompyuta nzima na kuiwasha tena huku watu wakisubiri.

Katika Linux, mfumo ambao kiini chake kimo pia katika simu za Android, urudishaji huo uliwekewa utaratibu wa kujiendesha wenyewe mwaka 2007. Mwaka 2012 kikaongezwa kipengele kingine: kiendeshi kinachotegemea kitu ambacho hakijawa tayari huweza kuomba kijaribiwe baadaye, badala ya kuhesabiwa kuwa kimeshindwa.

Mwandikishaji anaponakili ujumbe wa hitilafu kama ulivyoandikwa kwenye skrini, pamoja na namba yake, fundi wa wilaya hujua iwapo aje na kebo nyingine au na kifaa kingine. Ujumbe ukisema alama haikusomeka vizuri, fundi hahitajiki: kidole hufutwa kwa kitambaa safi, au hujaribiwa kingine.