Fahamu: Barua ya mbunge wa Minnesota kwa wapiga kura wake
Bunge la jimbo la Minnesota, Marekani, lina maseneta 67 na wawakilishi 134, na kikatiba vikao vyake vya kawaida haviruhusiwi kuvuka mwezi Mei. Vikao vikiisha, ndipo barua za wabunge huingia majumbani: sheria gani imepita, ipi imekwama, mbunge atakutana wapi na watu wake.

Kwa mfano wa sheria iliyopita, chukua mwaka 2023. Machi, gavana Tim Walz alitia saini sheria ya kuwapa wanafunzi kifungua kinywa na chakula cha mchana bure shuleni. Kwa mzazi, hiyo ni sahani ya chakula cha moto mbele ya mwanawe, bila deni. Nami katika barua kama hizo husoma kwanza aya ya miswada iliyokwama. Mpiga kura ana haki ya kujua nani aliipinga.