Kunguni na Usingizi wa Watoto Wetu

Yuko mgeni asiyebisha hodi, naye tukimwona twamficha kama deni. Ndiye kunguni. Hata nyumbani mwetu aliingia, nasi tukanyamaza miezi miwili kwa haya, tukidhani kwamba ni alama ya uchafu. Watoto hawakulala, asubuhi walisinzia juu ya vitabu vyao, na mikono yao ilijaa vidonda vya kujikuna. Kumbe kwa kunyamaza tulikuwa tukimlisha adui.

Kunguni si mtoto wa uchafu. Huja katika sanduku la mwanafunzi arudiye kutoka bwenini, katika mzigo ulioshushwa bandarini Kemondo au katika basi la Muleba, na katika kitanda kikuukuu kilichonunuliwa kwa bei rahisi. Hana mabawa, wala haruki. Mchana hujificha katika nyufa za ukuta, viungo vya kitanda na mishono ya godoro. Usiku hutoka, akanyonya damu dakika 5 hadi 10, kisha akarudi mafichoni. Aweza kukaa miezi kadhaa bila chakula. Kwa hiyo kuhama chumba juma moja si dawa.

Tena wako waogopao zaidi. Katika mkoa wetu wa Kagera ndimo wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walimotambuliwa mwaka 1983, na watu huuliza kama kunguni aueneza. La, haenezi ugonjwa huo, wala malaria. Madhara yake ni kuwashwa, vidonda na kukosa usingizi. Nayo si madogo.

Wengi hukimbilia sumu. Lakini sumu ina historia yake. DDT ilisifiwa sana, hata Paul Müller aliyegundua nguvu yake akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1948. Na wakati huohuo kunguni wa Hawaii walikuwa wamekwisha kuizoea. Huko Muheza, Tanga, vyandarua vyenye dawa viliwafukuza kunguni kwanza. Baadaye walirudi, na mwaka 2002 wataalamu wakaandika kwamba dawa ile hawaijali tena. Mtu akiona hivyo hutafuta iliyo kali, hata ile ya kupulizia mibuni, akainyunyiza juu ya godoro alalalo mtoto. Msifanye hivyo! Sumu ya shambani si ya chumbani. Kunguni aweza kupona, na mtoto akaumia. Na mafuta ya taa yaweza kuleta moto.

Basi, sisi tulifanya hivi.

Kwanza, mashuka, mablanketi na nguo tulivitia katika maji ya moto sana. Chandarua chenye dawa hatukukichemsha. Tulikifua kwa maji baridi na sabuni, tukakianika kivulini.

Pili, tulikifungua kitanda viungo vyote, tukavimwagia maji yachemkayo, maana joto lipitalo nyuzi 50 huua kunguni na mayai yake. Wengine husema, “Anikeni godoro juani.” Lakini mjini Bukoba mvua hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na jua halidumu, tena kunguni huhamia upande wa kivuli. Jua lasaidia, halimalizi.

Tatu, tuliziba nyufa zote kwa udongo laini, tukapaka chokaa. Kitanda tukakitenga na ukuta, na shuka lisiguse sakafu.

Nne, tulirudia kazi hiyo yote. Hapa ndipo wengi hushindwa. Mayai yaliyosalia huanguliwa baada ya siku 6 hadi 10, na zaidi kukiwa na baridi. Afanyaye mara moja huwaachia watoto wa kunguni nyumba safi. Sisi tulirudia kila juma kwa majuma manane.

Lakini kazi iliyo ngumu kuliko zote ilikuwa kumwambia jirani. Tulipomweleza, aliinama, akasema, “Hata kwangu wamo.” Kila mmoja alikuwa amemficha mwenziwe, na kunguni wakipita katika mikeka tuliyoazimana! Siku ya Jumamosi tulifanya kazi pamoja, kwake na kwetu.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wala nyumba moja haimalizi kunguni. Mkishindwa, mwiteni afisa afya wa kata. Leo watoto wetu hulala usiku kucha. Nanyi msione haya. Haya ndiyo ufa ulio mkubwa kuliko wote nyumbani.