Taa za Njia katika Makazi ya Pamoja

Taa ya njia, yaani taa inayowekwa kwa ajili ya mtu atembeaye kwa miguu baina ya lango na mlango wake, hutofautiana na taa ya ulinzi kwa kuwa kazi yake ya kwanza ni kumwonyesha mpita njia mahali pa kukanyaga. Na makazi mengi ya pamoja, yawe maghorofa yenye wamiliki wengi au nyumba za kupanga zenye ua mmoja, huyachanganya mambo hayo mawili, hata taa kali kuliko zote ikafungwa juu ya lango na ngazi za kuingilia zikabaki gizani.

Mwanga unaofika chini hupimwa kwa laksi, na ingawa mwezi mpevu hautoi hata laksi 1, njia ya waenda kwa miguu hutosheka na laksi 5 hivi, kiasi kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kinachopungua mara nyingi ni usawa wa mwanga, wala si wingi wake. Mboni ya jicho hujibana mbele ya taa kali, na jicho huhitaji nusu saa hivi kulizoea giza kikamilifu, kwa hiyo anayetoka chini ya taa hiyo na kuingia kivulini haoni ukingo wa saruji uliomeguka wala mfereji usio na mfuniko, ijapokuwa vyote viko hatua mbili tu mbele yake. Wazee huumia zaidi, kwa sababu jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban theluthi moja tu ya mwanga unaopokelewa na jicho la kijana wa miaka 20.

Nairobi inalo funzo lake katika nguzo ndefu ambazo wakazi wamezipa jina la mulika mwizi. Nguzo hizo zimewanufaisha wauzaji wa jioni kwenye viwanja na barabara pana, na hilo ni jambo kubwa, lakini mwanga unaoshuka kutoka juu sana hukingwa na mapaa ya mabati, na vichochoro, ambamo mama hupita na mtoto kwenda chooni, hubaki na kivuli kizito. Taa ndogo nyingi, zilizofungwa ukutani na kufunikwa kwa juu ili zimulike chini, zinavifaa vichochoro hivyo kuliko mnara mmoja.

Gharama si kisingizio cha kutosha. Karibu na ikweta usiku huchukua saa 12 mwaka mzima, na taa ya LED ya wati 10 inayowaka muda huo wote hutumia uniti 44 hivi kwa mwaka, ilhali balbu ya kizamani ya wati 60 hutumia 263. Ugomvi wa kweli huwa juu ya mita ya kuzilipia, nao una jibu: sheria za umiliki wa sehemu za majengo, ya Tanzania ya mwaka 2008 na ya Kenya ya mwaka 2020, zinayaweka maeneo ya pamoja chini ya usimamizi wa umoja wa wamiliki.

Kabla ya kununua taa yoyote, basi, kamati ya makazi na izipitie njia zake zote kwa miguu saa mbili usiku, ikiongozana na mkazi mzee kuliko wote.