Kubanwa kwa Faili za Kamusi katika Seva

Kamusi ikiwekwa kwenye intaneti, msomaji hulipia kila baiti aipokeayo. Kwa hiyo yafaa maandishi yabanwe kabla ya kupelekwa. Kivinjari hutaja katika ombi lake namna za ubanaji kinazozifahamu, nayo seva hutaja katika jibu namna iliyotumika. Ikiwa ombi lilitaja gzip na jibu halitaji kitu, basi faili imekwenda nzima.

Katika seva ya nginx sababu mara nyingi ni hii: ubanaji hautendeki mpaka uamrishwe, na hata ukiamrishwa huhusu kurasa za HTML tu. Faili za mitindo na za data ya kamusi hazina budi kutajwa aina zake katika amri ya gzip_types. Picha za JPEG zisitajwe, maana zimekwisha kubanwa.