Haki ya kusema "siuzi": soko huru na bariere za Masisi (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulieleza bei inavyopatikana sokoni. Leo tuliingie swali zito zaidi: je, biashara huria inaweza kutetewa mbele ya dhamiri, au ni njia tu ya wenye fedha kuzidi kutajirika?

Huko Masisi, mashariki mwa Kongo, barabara itokayo Sake hupita Kilolirwe, hufika Kitshanga, kisha Mweso, ikaelekea Pinga katika Walikale. Ndiyo inayopeleka Goma maharagwe, viazi, jibini na ng'ombe wa Masisi. Mama aliyelima maharagwe yake, akayavuna na kuyabeba mgongoni, hukuta bariere: kamba imetandwa njiani. Mwenye kamba hakutoa mbegu wala hakushika jembe. Ana bunduki, naye huchukua fungu lake. Mbele kidogo pana kamba nyingine.

Mwaka 2017 taasisi ya utafiti ya IPIS ya Ubelgiji ilitoa hesabu ya bariere 798 katika Kivu zote mbili, Kaskazini na Kusini. Nyingi zilikuwa za askari na watumishi wa serikali yenyewe, nyingine za makundi yenye silaha. Masisi makundi hayo yamewatoza wanavijiji "jeton", kikaratasi cha kununua kila mwezi ili mtu aachwe apite kwenda shambani kwake. Kundi la waasi la M23 liliingia Kitshanga mwishoni mwa Januari 2023, na mwaka uliofuata likaitwaa Rubaya yenye koltani. Huko wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria wakati huo kwamba lilikuwa likikusanya ushuru wa dola 800,000 hivi kwa mwezi. Mabwana hubadilika, mtozwaji ni yule yule.

Sisemi kila kodi ni wizi. Kodi iliyoandikwa katika sheria, yenye risiti, ikajenga daraja, ni deni letu sote. Ninachokipinga ni kumnyang'anya mtu jasho lake kwa kumtisha na kuliita jambo hilo ushuru.

Utetezi wa soko huru unaanzia hapo, kabla ya kufika kwenye hesabu za utajiri. Mapatano ya haki yana sharti moja: muuzaji na mnunuzi kila mmoja aweze kusema "sitaki", akaondoka salama na mali yake. Mwenye kumwachia mama huyu neno hilo amemhesabu kuwa mtu kamili, mwenye akili na mali. Penye bariere neno hilo halipo.

Wengine watanijibu kwamba mchuuzi naye hummaliza mkulima kwa bei duni. Ni kweli bei ni duni, na inauma. Lakini tuulize kwa nini wachuuzi wanaofika Kitshanga ni wachache. Anayethubutu kupakia gari ni yule anayefahamiana na makamanda, au mwenye mtaji wa kulipa kila kamba. Wengine wote wamefungiwa nje, na mkulima hana wa kumgeukia. Bei ile duni imezaliwa na bariere. Wangekuja wachuuzi kumi wakigombea gunia moja, mama angechagua.

Hoja hii ni ya Kongo tangu zamani. Mkataba wa Berlin wa 1885 uliahidi biashara huru katika bonde lote la mto Kongo. Kuanzia 1891 Mfalme Leopold II akajitwalia mpira na pembe za ndovu kuwa mali ya dola yake, na mwenyeji aliyewauzia wengine akahesabiwa mwizi. E. D. Morel, karani wa kampuni ya meli ya Elder Dempster, aliona bandarini Antwerp kwamba meli zinakuja zimejaa mpira na kurudi na bunduki na risasi, bila bidhaa za kutosha kuulipia. Akafahamu kuwa hapakuwa na biashara. Palikuwa na utumwa. Mwaka 1904 alishiriki kuanzisha chama cha kudai mageuzi Kongo, na mojawapo ya hoja zake kuu ilikuwa kwamba mazao ya ardhi ni ya wenyeji, nao wana haki ya kumuuzia wamtakaye. Nadhani hatujaupata utetezi wa soko huru uliosimama juu ya msingi imara kuliko huo.

Wanaosifu soko huru wakiwa mbali husahau ardhi. Kuzunguka Kitshanga malisho mapana yameshikwa na wachache tangu enzi za Wabelgiji na za Mobutu. Sheria ya 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya dola, na mashamba ya kimila yakabaki bila ulinzi ulio wazi. Anayelima kwa hisani ya mwenye malisho, au mkimbizi asiye na hata tuta moja, hawezi kusema "siuzi", hata bariere zote zikiondolewa leo. Kwa hiyo anayedai soko huru Masisi hana budi kudai pia hati ya shamba la mkulima mdogo. Juma lijalo tutaeleza jinsi hati hizo zinavyotolewa, na kwa nini mkulima wa Masisi huzikosa.